Kitu Kilichokatwa Fiche

Niliweka fiche mupya kwa réchaud, jiko la umeme, iliyokatwa fiche. Ule njo ujinga wangu, nauweka hapa mwanzo kusudi musichoke kuutafuta. Fiche munaijua: ile kichwa ya waya inayoingia mu prise ya ukuta. Visi vyake nilivikaza kwa ncha ya kisu cha mukate, huku napiga muluzi, nikijiona ingénieur. Kisha ile réchaud nikaitoa kwa mujane mumoja wa Kadutu, kama zawadi ya parokia. Karibu imuue.

Sasa tusalimiane. Ninyi wadogo zangu wa darasa la deuxième, muliochaguliwa na Papa Mushagalusa kushika kazi ya dépôt, stoo ya parokia ya vitu vya kugawia watu, miye njo retraité, mustaafu wenu. Musicheke. Niko na miaka kumi na sita, niko mu cinquième, lakini mugongo wangu uko na miaka ya babu yangu kwa sababu ya kubeba frigo za watu wa mutaa wa Nguba. Baba amesema vitu vya courant, vya umeme, viishe, nisome, mwaka unaokuja ni examen d'État. Basi naondoka bila médaille, bila hotuba, na pension yangu ni kikombe cha chai ambacho Papa Mushagalusa aliniahidi na mpaka leo sijakiona.

Kazi ni hii. Kila samedi, salongo, ile kazi ya wote ya kusafisha muji, ikiisha na watu wamerudisha majembe, munachukua pousse-pousse, mukokoteni wetu, munateremuka Nguba, munapanda Muhumba. Munapiga hodi. Munasema: tunatoka parokia, tunakusanya vitu vya courant ambavyo hamutumii tena, tunavipeleka kwa wasiokuwa navyo. Kisha munanyamaza. Muonyeshe sura ya mutu mwenye njaa kidogo, lakini isikuwe njaa ya mwizi. Zagabe, mwenzangu wa pousse-pousse, hakuiweza ile sura hata mara moja. Kila nyumba aliyopiga hodi walisema watamufungia mbwa, kumbe ya kufungwa haikuwa. Ilikuwa ya kufunguliwa.

Watu wa huko wanatoa kwa moyo, sikatai. Lakini kuna mutu ambaye kwake kutoa zawadi na kufagia nyumba ni kazi moja. Tulipewa ventilateur, feni, bila mabawa. Tulipewa radio ambayo ndani mende walikuwa wameshazaa na kuoza binti zao. Citoyen mumoja mukubwa wa bureau, abacost, ile koti ya wakubwa, imenyooka kama karatasi, alitupatia pasi akasema, "Hii iko bien, iko na shida kidogo tu." Tulipoigeuza, chini yake kulikuwa kumeshikamana kipande cha suruali. Shida kidogo njo ilikuwa ile. Na mwalimu mumoja wa Ulaya, aliyekuwa anafunga valizi kurudi kwao, alitupatia frigo nzito sana. Tuliisukuma mpaka katikati ya côte, ule mupando mukali, pumzi ikatuishia. Zagabe akaifungua aangalie ni nini ina uzito vile. Ilijaa viatu.

"Bazungu banakula nini kweli?" akauliza.

Halafu kuna wale wa fiche, na hapa mutege masikio. Fiche ni kitu cha shida mu muji huu. Unazunguka magasin zote, wanakuambia rudi mwezi unaokuja. Kwa hiyo kuna watu wanakupa bouilloire, birika ya umeme, nzuri kabisa, lakini mbele ya kukupa wanakata fiche, wanaifungia mu tiroir ya meza. Inakufikia na waya iliyokatwa, sawa mukia wa mbwa aliyepigana. Niliona bouilloire nyingi za namna ile, na mu kichwa changu kukajengeka wazo: kitu bila fiche, shida yake ni ubahili wa mwenyewe, basi. Hilo wazo njo liliniangusha.

Papa Mushagalusa munamuogopa juu ya sauti yake. Mutazoea. Alifanya kazi ya courant miaka mingi mu kiwanda cha majani ya chai, na kelele za mashine zilimufundisha kuongea vile. Hata bonjour yake inaamusha watoto. Vitu vya dépôt anaviongelesha kama wagonjwa. "Weye, unatetemeka nini?" "Ee, dada pasi, nani alikufanyia hivi?" Na yeye iko na ampoule yake, taa ya kupimia, mu douille, kishikio chake, waya mbili zinatoka. Anachomeka kitu mu prise. Waya moja anagusisha chuma cha hicho kitu, ingine anagusisha robinet ya maji. Ampoule ikibaki imelala, kitu ni kizima, kinaweza kwenda kwa watu. Ikiamuka, hata kama ni wekundu tu wa ndani, anatikisa kichwa: "Hii inauma." Maana yake courant imetoka mu njia yake, imeingia mu mwili wa chuma, inangojea mukono wa mutu. Hapo anachukua pince, koleo yake, anakata fiche kusudi mutu asiichomeke tena, na kitu kinaenda ku pembe ya nyuma kungojea muchukuzi wa vyuma.

Hakukuwa alama ingine, rangi wala kitambaa. Fiche kukatwa njo hukumu yenyewe. Na miye ile hukumu sikuiona ikitolewa hata siku moja, juu wakati Papa Mushagalusa anapima, tulikuwa nje na Zagabe tunaigiza namna citoyen wa suruali anatembea.

Samedi moja Papa Mushagalusa akaenda Kabare ku kilio cha shemeji yake. Aliniachia ufunguo. "Pokea," akanipigia kelele, "usitoe!" Nikaitika. Kuitika ni rahisi.

Saa ya jua kali akafika Maman Nabintu. Ni mujane, anapika maharagi na kuuza kwa sahani karibu na soko ya Kadutu, na jina lake lilikuwa linangojea réchaud tangu zamani. Alisimama ku mulango, mukono ku kiuno.

"Mwana, miye nitazeeka nikingojea kitu yenu. Kila siku napandisha mufuko ya makala ya kupikia mu ile côte, kifua inaniwaka sawa ile makala. Haiko hata moja?"

Ningesema haiko, leo hamungekuwa na kitu cha kusoma. Lakini kwetu Muhumba tuko na réchaud ya sahani mbili. Maman anaipangusa kila siku kama vile picha ya harusi. Ni ya kwanza mu maisha yake, anasema tangu ifike, kucha zake zilijuana na sabuni. Niliwaza ile furaha kwa uso wa Maman Nabintu, nikajiona mutakatifu. Nikaenda kupekua nyuma. Ku pembe, chini ya ventilateur ya kufa, kulikuwa réchaud nyeupe, safi, haina hata mukwaruzo. Ilikosa fiche tu.

"Maman, angalia watu wa Nguba!" nikasema. "Wanatoa réchaud mupya, wanalala na fiche yake!"

Tulicheka wote wawili. Nikafungua fiche ya ile ventilateur, nikaikaza kwa réchaud na kisu cha mukate, nikachomeka. Sahani ikaanza kuwa nyekundu, nyekundu nzuri sana. Sikuigusa, nani anagusa réchaud inayowaka? Hapo mujifunze kitu cha kwanza kutoka kwa retraité wenu: kitu kinachouma kinaweza kupika vizuri kabisa. Kuwaka si kupona.

Maman Nabintu alipiga makofi, akanibariki nioe bibi mwenye akili, "kusudi mu nyumba kuwe hata mumoja". Ilipopoa kidogo akaivingirisha mu kitenge, akaiweka ku kichwa, akaenda zake.

Kesho yake, dimanche, misa imetoka, namuona Papa Mushagalusa mu kiwanja cha parokia, bado na vumbi ya Kabare mu viatu. Nikamukimbilia nikatangaza habari njema.

"Papa, Maman Nabintu tulimupa réchaud! Ile nyeupe ya pembe. Niliiwekea fiche miye mwenyewe."

Hakupiga kelele. Wadogo zangu, niliogopa hapohapo.

"Ya pembe," akasema polepole.

"Ndiyo, papa."

"Niliikata miye. Ile inauma sawa mbwa." Akaangalia mulima wa Kadutu. "Courant iko kule?"

"Ilikatika jana mangaribi, watu wa kule walisema ku misa. Haiyarudi bado."

"Basi kimbia. Kimbia ufike mbele courant irudi! Na ukikuta imemushika, usimuguse yeye. Unasikia? Usimuguse! Vuta waya."

Nilikimbia na nguo za misa. Munazijua njia za kupanda Kadutu, zile ambazo mbuzi mwenyewe anasimama kuwaza. Nilipanda nikitega masikio, juu courant ikirudi Kadutu hauhitaji ampoule kuijua. Mulima mzima unapiga kelele "Couraaant!", na radio zote zinaamuka pamoja mu wimbo uleule. Nilikuwa naomba kimya. Mtoto akilia, nasimama. Mutu akiita mwenzake, nasimama tena. Nyuma ya ukuta mumoja rumba ikaanza ghafla, guitare na kila kitu, nikashika ukuta kwa mikono miwili. Ilikuwa radio ya pile, ya betri tu. Muzee aliyeikumbatia akanitazama: "Unalia nini, petit? Wimbo ni wa furaha."

Kwa parcelle, kiwanja cha Maman Nabintu, nilikuta majirani wawili wanasukana nywele ku kivuli.

"Maman Nabintu iko wapi?"

"Alienda kuteka maji."

"Courant ikirudi mutu asiguse réchaud yake! Itaua mutu!"

Wakaangaliana. Kisha yule aliyekuwa anasuka akacheka mpaka kichanuo kikaanguka.

"Amefika tena! Yule wa courant!"

Nawaeleza. Mbele ya hapo, siku tulipeleka pasi mu ile avenue, nilikuwa nimesimama katikati ya njia nikapiga kelele "Couraaant!" kwa muchezo tu. Nyumba zote walikimbia ku prise zao. Huyu maman aliweka muchele ku réchaud ya dada yake, akangojea mpaka muchele ukavimba ndani ya maji ya baridi. Hakuwa amesahau.

"Maman, haki ya Mungu, leo ni kweli."

"Mungu umuache. Anapumuzika, ametoka misa."

Mulango ulikuwa na kufuli. Nikachungulia mu dirisha. Réchaud ilikuwa chini ku ciment, fiche yangu mu prise, juu yake casserole, sufuria, ya maharagi na kifuniko. Yote tayari. Munajua namna watu wanafanya courant ikikatika: unaacha casserole juu, kifungo kimewashwa, kusudi courant ikirudi maharagi yaanze yenyewe hata kama hauko. Coupe-circuit, kile kifungo cha kuzima courant ya nyumba yote, ilikuwa ndani, juu ya mulango. Nilitikisa kufuli. Nilitafuta jiwe. Majirani sasa hawakucheka, walianza kuulizana kama nimeshikwa na homa.

Hapo Maman Nabintu akaingia mu parcelle, bidon ku kichwa, miguu bila viatu, maji yanamuteremukia mu mukono mpaka ku kiwiko.

"Ee, ingénieur yangu! Harufu njo ilikuita? Maharagi hayayaiva bado."

"Maman, usiingie. Ile réchaud inauma. Papa Mushagalusa aliikata fiche kwa sababu ile."

"Inauma!" Akawaambia majirani, "Munasikia? Réchaud iko na meno." Akafungua kufuli. "Jana iliwaka kidogo tu mbele courant ikatike, maji yakaanza kuimba, miye na batoto tukakaa chini tunaiangalia sawa cinéma. Haikutuuma."

"Uniachie nitoe fiche. Nitoe fiche tu, maman."

"Ngoja kwanza niangalie kama maji ingali mu casserole."

Nilikuwa nyuma yake. Aliweka bidon chini, akainama, mukono wa maji ukashika sikio la casserole. Na mulima ukapiga kelele.

Ampoule ya juu yetu ikawaka. Yeye hakulia. Mu mawazo yangu mutu aliyeshikwa na courant anapiga kelele, apana. Mukono ulijikaza ku casserole, mabega yakapanda, mudomo wazi, na macho yaliniangalia kama vile anataka kuniuliza kitu. Mikono yangu ilishaanza kumuendea. Neno la Papa Mushagalusa njo liliizuia. Nikaangukia waya, nikaikamata kwa mikono miwili, nikavuta na uzito wangu wote.

Waya ikaja. Fiche ikabaki mu ukuta. Visi havikuwa vimekazwa vizuri, juu nilitumia kisu cha mukate. Kazi yangu mbaya ya pili ilirekebisha kazi yangu mbaya ya kwanza, na musidhani ni ufundi.

Maman Nabintu akaanguka kwa matako, casserole nyuma yake, maharagi mu ciment yote. Majirani wakaingia, vichwa nusu vimesukwa. Mumoja akamushika, mumoja akawa anaita Yesu na Maria na wazazi wao. Yeye alikuwa anajisugua mukono, anajaribu kufunga vidole, vinakataa.

Pumzi ilipomurudilia nikasema, "Maman, nitaichukua."

Akazungusha muguu wake kwa ile réchaud.

"Apana."

"Maman, umeona."

"Imeniuma miye, haikukuuma weye. Jana nilipita nayo ku kichwa, avenue nzima iliona. Baliniimbia. Leo upite nayo unateremuka, batasema nini? Batasema niliiba, mumekuja kunipokonya. Munatoa mbele ya batu, munarudi kunyanganya mbele ya batu. Muniachie nayo. Nitapikia na sapatu za mpira ku miguu."

Miye, ambaye shuleni wananiita Mulimi kwa sababu ya ulimi huu, nikaanza kuokota maharagi.

Papa Mushagalusa alifika baadaye kidogo, anahema, koti ku bega. Aliangalia maharagi, akaangalia fiche iliyobaki mu prise, akaizima coupe-circuit mbele hata ya kusalimia. Kisha akapiga magoti ku ciment, muzee mzima, mbele ya Maman Nabintu.

"Dada, kosa ni yangu na huyu. Miye nilikata kichwa nikaacha mukia."

Akatoa pince, akakata waya yote karibu na tumbo la réchaud. Maman Nabintu hakumuzuia. Aliondoa tu muguu, akageuza uso ku ukuta.

Tangu siku ile, wadogo zangu, njo vile tunafanya, na ninyi mutafanya vile. Kitu kinachouma munakata waya ku mizizi, kisha munapiga nyundo mpaka sura yake iharibike, hata kama ni kizuri, na zaidi kama ni kizuri. Fiche kukatwa haitoshi, juu kuna watu wanachomeka waya mbili tupu mu prise na vijiti vya kibiriti, na kuna wengine wanaokota fiche ya ventilateur. Kitu kikifika bila fiche, mumuulize aliyekitoa: ni weye ulikata? Akikasirika, akasirike. Na hakuna kitu kinapita mulango bila ile ampoule kulala. Mukae ndani wakati anapima. Citoyen wa suruali mutamuigiza siku ingine.

Lakini sijamaliza kuteremuka. Niliibeba ile réchaud chini ya kwapa, avenue nzima imetoka ku milango. Hakuna aliyenitukana, wala kucheka. Maman wa muchele aliniangalia tu, kichanuo mu mukono. Nimebeba frigo yenye viatu vya mwalimu mzima, na haikuwa nzito vile. Papa Mushagalusa alitembea mbele yangu mpaka parokia, na pale akaniambia tu niende kwetu, wazazi wangu waisikie habari kutoka mu mudomo wangu mwenyewe.

Nilichelewa. Mamans wa misa wana miguu kunishinda. Habari ilikuwa imefika Muhumba na kupewa kiti. Baba alikuwa ku baraza, akaangalia viatu vyangu, akasema, "Mama yako iko ndani," na sauti ya mutu anayeaga marehemu.

Nikaingia nikiwa nimetayarisha mugongo. Maman alikuwa amesimama mu cuisine, kitambaa mu mukono, anaipangusa réchaud yetu. Alipangusa sahani moja, akapangusa ya pili, akapita na kidole pembeni kutafuta vumbi ambayo haikuwepo. Nilimueleza yote, mpaka muguu uliozungushwa, mpaka yale maneno ya kunyanganya mbele ya watu. Kisha akachomoa fiche, akakunja waya polepole, akaizungusha kwa miguu ya réchaud, akainua kitu kizima na kuniwekea ku mikono. Kilikuwa bado na joto la chai. Halafu akasema, na nayaandika kama alivyoyasema, sikuongeza hata moja:

"Pita kwa Papa Mushagalusa aipime. Kisha uipandishe Kadutu sasa hivi, ku kichwa, mu ile avenue, mbele ya bale bale balioona. Kesho asubuhi weye njo utapandisha makala ya hapa. Na fiche iko nayo, usiiguse."